Namba Moja, Simu Tatu

Boke alijifunza ufundi wa simu kwa mzee mmoja aliyeitwa Alfonce. Mzee huyo alimfundisha mambo mengi kwa vitendo, na jambo moja tu kwa maneno. Alimwambia siku ya kwanza, kabla hajamkabidhi hata bisibisi: "Simu ya mtu ni chumba chake cha kulala. Wewe umeitwa kurekebisha kitasa. Rekebisha kitasa, utoke. Usifunue shuka."

Alfonce alishatangulia mbele za haki, na Boke alikuwa na mwaka wa sita akifanya kazi peke yake katika kibanda cha mabati pale Kitaji, mjini Musoma, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Sharti la mzee hakuwa amelivunja hata mara moja. Si kwamba hakuona. Fundi simu huona. Aliona wanandoa waliogombana kwa maandishi wakiwa chumba kimoja, aliona watu wazima waliojirekodi wakilia. Yote aliyaacha humo humo. Ndiyo sababu akina mama wa Kitaji walimletea simu zao mwanamke huyu na kuwapita mafundi wengine wanne wa barabara ile.

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, Mzee Isaya alikuja kutoka Buhare. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata juani. Alikuwa akiishi na mjukuu wake Flora, mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye mama yake alifanya kazi Mwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Simu hii imeshiba. Ukiibonyeza leo, inajibu kesho."

Ilikuwa simu yake, lakini aliyeitumia zaidi alikuwa Flora, kwa masomo ya likizo. Boke aliiunganisha na kompyuta akaanza kuondoa mafaili yasiyo na kazi. Mzee alikaa kwenye benchi, akaanza kumsimulia habari za mihogo yake, namna nguruwe wa jirani walivyoifukua. Boke alikuwa akicheka wakati meseji iliposhuka juu ya kioo, mbele ya macho yake.

Ilitoka kwenye namba ambayo haikuwa imehifadhiwa, pembeni yake pameandikwa Kocha Danford. *Babu bado hajui? Safi. Iwe siri yetu mpaka siku ya majaribio.*

Chini yake ikafuata picha ya viatu vya mpira, vipya, vya rangi ya chungwa.

Kidole cha Boke kilisimama. Alimtazama mzee, ambaye sasa alikuwa amefika mahali nguruwe walipofukuzwa na mbwa. Akakitazama tena kioo. Labda ni kocha wa shule, alijiambia. Labda wanamwandalia babu jambo la kumfurahisha. Na hata kama si hivyo, kitasa ni kitasa. Aliisukuma meseji pembeni, akamaliza kazi, akamrudishia mzee simu yake.

"Sasa itakukimbilia, babu."

"Mungu akubariki," alisema Mzee Isaya, akaondoka zake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumanne iliyofuata, mashine ya kusaga ikiwa imezimwa kwa kukosa umeme na mtaa ukiwa kimya kuliko kawaida, alikuja Mary, ambaye wengi walimwita Mama Rebeka. Aliuza dagaa Mwigobero, na alikuwa na sauti ya watu wa soko. Siku hiyo alizungumza kwa kunong'ona.

"Fundi, nataka uniwekee ile ya kuchungulia."

"Kuchungulia nini?"

"Huyu mtoto wangu. Kila anachoandika nikione kwenye simu yangu. Na yeye asijue."

Alitoa kwenye mkoba simu ndogo yenye kava la maua. Boke hakuipokea.

"Mama Rebeka, hiyo mimi huwaga siiweki kwa siri. Mtoto akigundua, ataazima simu ya rafiki yake, na huko hutaona kitu. Mlete akae hapa, tuweke akiwa anaona."

"Nimlete aniambie nini? Haongei na mimi!" Mary alikaa kwenye benchi kwa uzito. "Alikuwaga ananisimulia mpaka alichoota. Sasa nikiingia tu, anaigeuza simu kifudifudi. Wiki hii hali. Namuuliza unaumwa? Hapana. Kuna mtu kakukosea? Hapana. Leo kaisahau juu ya kitanda kaenda kuteka maji, ndiyo nikaikimbiza hapa. Namba ya siri naijua, ni mwaka aliozaliwa bibi yake."

Kabla Boke hajamzuia, Mary alikuwa ameifungua simu na kumsogezea. Na pale juu kabisa, kwenye orodha ya waliozungumza na mtoto, palikuwa na picha ileile ya viatu vya rangi ya chungwa. Kocha Danford.

Watu wengine hukumbuka sura, Boke alikumbuka namba. Miaka sita ya kujaribu laini za watu ilikuwa imemfanya hivyo bila yeye kutaka. Aliitazama ile namba, na tarakimu tatu za mwisho zikamchoma: saba, saba, moja. Ni yeye yule.

"Mama Rebeka," alisema, "niruhusu nisome."

"Si ndiyo nilichokuletea?"

Walisoma pamoja, vichwa vimegusana. Palikuwa na grupu lililoitwa Vipaji Binti Mara, lenye wasichana watatu na kocha. Humo kocha alikuwa mchangamfu. Alituma mazoezi ya tumbo, alituma maneno ya kutia moyo, aliwaita mabinti wangu. Lakini kando ya grupu aliandika na Rebeka peke yake, na huko alikuwa mtu mwingine. Wewe tu ndiye niliyekuchagua. Wale wawili nawalea tu, hawafiki popote. Usimwambie mama, wazazi huharibu bahati za watoto. Kisha akaanza kuomba picha. Ya kwanza akiwa na jezi, kwa ajili ya fomu. Ya pili akiwa na jezi. Ya tatu ilikuwa picha ambayo hakuna kocha duniani mwenye kazi nayo, na hapo Rebeka alikuwa ameacha kujibu. Kwa siku mbili mfululizo kocha alikuwa akimwandikia: Umenivunja moyo. Nafasi yako nampa mwingine. Au nimtumie mama yako mazungumzo yetu ajue ulivyo?

Ya mwisho ilitumwa asubuhi ile ile. *Nimekusamehe. Jumamosi saa nne stendi ya Bunda. Uje peke yako.*

Mary alifunga macho. Boke alimsikia akipumua kwa mdomo, kama mtu aliyepandisha mlima.

"Namba hii niliiona Alhamisi," Boke alisema.

"Wapi?"

"Kwenye simu ya mteja mwingine. Ya mtoto mwingine."

"Halafu?"

"Nikanyamaza."

Mary alifungua macho akamtazama kwa muda mrefu. Boke alitamani amtukane, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini Mary alikaza kitenge chake, akasimama.

"Basi leo hutanyamaza. Funga kibanda."

*

Waliwakuta Mzee Isaya na Flora wakipura maharage nyuma ya nyumba yao kule Buhare. Mzee aliwakaribisha ndani, akamtuma mjukuu akalete maji ya kunywa. Boke hakungoja maji. Alimwambia yote, kuanzia meseji iliyoshuka juu ya kioo mpaka ile ya Jumamosi, na hakujipunguzia kitu.

Mzee alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mweupe ambao pengine watu wengi wa Buhare hawakuwahi kuuona.

"Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwako," alisema. "Nakusimulia habari za nguruwe."

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

Nje kuku walikuwa wameyavamia maharage na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

"Fundi, mimi nimefundisha miaka thelathini na minne," alisema hatimaye. "Nimewaona watoto wakija darasani na alama miguuni. Nikajiambia, hayo ni ya nyumbani kwao, mimi kazi yangu hesabu. Usifikiri uko peke yako kwenye hilo benchi. Ila mimi sikurudi kumwambia mtu. Wewe umerudi." Akageukia mlangoni. "Flora, mjukuu wangu, weka hayo maji chini. Njoo ukae na babu. Hakuna atakayekupiga."

Flora alikuwa amesikia. Alikaa, akaminya vidole vyake, akaulizwa kama anamfahamu Kocha Danford, akaitikia kwa kichwa. Hakulia mpaka alipouliza swali lake mwenyewe.

"Na Rebeka naye alimwambia kamchagua yeye tu?"

"Naye," alisema Mary.

Hapo ndipo mtoto alipolia, na Mary, ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku ile, akamvuta kifuani.

Flora ndiye aliyewaeleza habari za msichana wa tatu. Aliitwa Naomi, wa Butiama. Watatu hao walifahamiana kwenye michezo ya shule mwaka uliopita, wakaandikiana namba kwenye madaftari, na siku chache baadaye kocha yule akawaingiza kwenye grupu, akisema aliwaona wakicheza. "Baba yake anaitwa Revocatus Burito," Flora alisema. "Ana ng'ombe wengi. Naomi anamwogopaga sana."

Jioni ile Mary alirudi nyumbani akamkuta Rebeka amepindua chumba chote akitafuta simu yake. Alichomwambia binti yake hakumsimulia Boke. Alichosimulia ni kwamba walilala kitanda kimoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mtoto aanze darasa la tano.

*

Habari kama hizo hazipigiwi simu. Kesho yake Boke na Mary walikwenda Butiama, wakaulizia, wakaelekezwa mpaka kwenye mji wenye zizi kubwa la miiba na nyumba mbili za matofali. Revocatus alikuwa ndiyo anarudi kutoka kuogesha ng'ombe kwenye josho, suruali imeloa mpaka magotini. Alikuwa mtu mnene wa kifua, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya parokia. Aliwasikiliza akiwa amesimama, fimbo mkononi, na kadiri Boke alivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga.

"Naomi!" aliita. "Lete hiyo simu."

Msichana alitoka jikoni, mrefu kuliko mama yake aliyemfuata nyuma. Alimpa baba yake simu kwa mikono miwili. Revocatus aliiweka juu ya jiwe la kunolea visu, akainua jembe lililoegemezwa ukutani.

Boke hakufikiri. Aliweka kiganja chake juu ya simu.

"Ondoa mkono, mama."

"Baba Naomi, ukiivunja hii utakuwa umemsaidia."

"Nimemsaidia nani?"

"Huyo mtu. Maneno yake yote yamo humu. Ukiivunja, yeye analala usingizi."

Jembe lilibaki hewani. Kisha likashuka polepole, likaegemea mguu wa mwenyewe.

"Na wewe," Revocatus alimwambia binti yake, "ulimjibu?"

"Nilimjibu, tata," alisema Naomi, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Ulimwamini?"

"Mwanzo." Naomi alitazama chini, lakini sauti yake haikutetemeka. "Baadaye nikamuuliza timu yake inafanyia mazoezi uwanja gani. Akanitajia ule wa shule ya msingi tuliochezea sisi. Ule hauna hata magoli, tuliwekaga mawe. Nikajua muongo."

"Ukajua ni muongo, na hukuniambia?"

Msichana alimtazama mama yake, akatazama jembe.

"Ningekuambia, ungefanya hivi ulivyotaka kufanya sasa. Ungechukua simu. Ungeniuliza namba yangu kaipata wapi. Na mpira ungekuwa umeishia hapo."

"Anasema kweli, baba Naomi," mama yake alisema kutoka nyuma, kwa upole.

Ng'ombe mmoja alilia zizini na Revocatus akageuka kumtazama, kana kwamba huyo ndiye aliyemwuliza. Aliporudisha uso, alikuwa amechoka.

"Jumamosi ulikuwa unakwenda?"

"Na mimi kaniita huko, ila siendi. Nilijua wale wawili wataenda. Nilitaka kuwaambia, sikujua nianzeje. Aliniambia wao wananionea wivu, wanataka nafasi yangu." Aliinama akachukua simu kutoka chini ya kiganja cha Boke. "Halafu huyu akiandikaga kitu kibaya anakifuta haraka. Mimi nilikuwa nakipiga picha kabla hajafuta."

Alifungua sehemu ya picha. Zilikuwa arobaini na mbili, kila moja na tarehe yake.

Boke alizipitia moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi mabega yake yakishuka. Revocatus naye alisogea kuangalia, akisoma kwa taabu, midomo ikicheza. Alisoma tatu tu, kisha akakaa chini kwenye lile jiwe la kunolea. Alikaa hapo mpaka mke wake alipoleta maziwa, na alipopokea kikombe chake alimpa kwanza binti yake.

*

Alhamisi Mary, Mzee Isaya na Revocatus, pamoja na Boke, walikuwa polisi Musoma, kwenye dawati la jinsia na watoto. Aliyewapokea aliitwa Afande Wegesa, mwanamke mfupi aliyeandika kila neno kwa mkono bila kuinua kichwa. Alipomaliza picha zile arobaini na mbili aliweka kalamu chini.

"Sikilizeni vizuri. Msimzuie kwenye simu, atashtuka. Msifute kitu. Msimsimulie mtu, hata mchungaji, hata paroko. Na watoto hawaendi Bunda."

"Hata kwa mbali?" aliuliza Mary. "Ili amwone, aje?"

"Hata kwa mbali. Mtoto si chambo, mama." Alimgeukia Boke. "Wewe utakuja na hiyo simu ya Naomi, na umjibu huyo mtu kwamba Naomi anakuja. Fundi hatapapatika nayo."

Boke alipapatika, lakini ndani kwa ndani. Jumamosi saa tatu na nusu alikuwa ameketi na Afande Wegesa kwenye mgahawa unaotazamana na stendi ya Bunda. Afande alivaa dera na kilemba, kikapu cha sokoni miguuni. Walikuwapo askari wengine wawili wasio na sare, mmoja akipiga viatu rangi karibu na mlango. Waliagiza chai. Mgahawa ulikuwa na watu wachache: wanawake wawili wenye mabegi, dereva aliyekuwa akisinzia, na meza ya nyuma yao kaka mmoja aliyekuwa akinywa supu kwa chapati. Boke alipotafuta sukari na kuikosa, kaka huyo alinyoosha mkono akampa ya kwake.

"Karibu, dada."

"Asante, kaka."

Saa nne kasoro tano simu ya Naomi ilitikisika. *Umefika?*

Afande aliitikia kwa kichwa. Boke aliandika: *Nimefika.*

*Uko wapi? Umevaa nini?*

*Sweta ya kijani. Niko kwenye mabasi.*

*Sikuoni. Usiongee na mtu.*

Boke aliinua macho akatazama stendi. Mtu huyo lazima alikuwa mahali anapoiona stendi. Alitafuta uso unaofanana na maneno yale, uso wa mtu mbaya, na hakuuona. Afande Wegesa alimsogezea kikombe akasema bila kuchezesha midomo: "Mpigie."

Boke alibonyeza. Sekunde moja, mbili. Simu ikaita nyuma ya mgongo wake.

Aligeuka. Kaka wa supu alikuwa ameingiza mkono mfukoni, bado kipande cha chapati kikiwa shavuni. Alitazama kioo cha simu yake, akatazama stendi, kisha, polepole, akamtazama Boke aliyeshika simu sikioni. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano. Alikuwa msafi, ndevu zimechongwa vizuri, filimbi ya plastiki ikining'inia shingoni.

"Dada, nadhani umekosea namba," alisema.

"Hajakosea," alisema Afande Wegesa, na mpiga rangi wa viatu alikuwa tayari ameingia.

Hapakuwa na kelele. Mwenye mgahawa alidhani ni mtu asiyelipa chai. Kwenye begi la yule kaka askari walikuta laini nne za simu, hakuna hata moja yenye jina lake, na viatu vya mpira vya rangi ya chungwa, jozi moja tu, ambayo isingemwingia yeyote kati ya wasichana watatu. Hakuitwa Danford. Hakuwahi kufundisha timu yoyote. Walipomwongoza nje alipita karibu na Boke kiasi cha kumgusa, na harufu aliyoacha ilikuwa ya sabuni ya kawaida.

Boke alibaki ameshika kikombe. Alikuwa ameweka humo sukari ya mtu yule. Aliimimina chai chini, mbele ya watu, akaomba maji.

*

Kesi ilifunguliwa, na mpaka sasa inaendelea. Kwenye zile laini nne walipatikana wasichana wengine kumi na mmoja, wengine wa mikoa ya mbali, na si wote waliowahiwa kabla ya kukutana naye. Afande Wegesa alimwambia Boke hivyo kwa sababu Boke alimwuliza, na Boke alikaa na jibu hilo siku nyingi. Kuna asubuhi aliamka akihesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku tano. Katika siku hizo tano Rebeka alikuwa hali.

Rebeka mwenyewe alikuja kibandani wiki iliyofuata na mama yake. Alikaa pembeni ya benchi, kava la maua mkononi, akimtazama Boke kama mtu anayetazama sindano.

"Hatuweki ya kuchungulia," Boke alimwambia. "Leo tunaweka milango. Na wewe ndiye utakayebonyeza."

Walikwenda hatua kwa hatua. Nani anaweza kumwingiza kwenye grupu: watu anaowajua tu. Nani anaona picha yake: hao hao. Mtu akimtisha, afanye nini: apige picha ya maneno kabla hayajafutwa, asijibu, alete. Mary alifuata kwenye simu yake mwenyewe, miwani puani, akilalamika kwamba maandishi ni madogo kama mayai ya chawa.

"Sasa mpatane," alisema Boke. "Mama unataka nini?"

"Nataka kujua anaongea na nani."

"Rebeka?"

Msichana alifikiri. "Asisome za rafiki zangu. Tunasemaga vitu vyetu. Lakini namba nisiyoijua nitamwonyesha mwenyewe." Akasita. "Na nikimwonyesha asipige kelele."

"Mimi na sauti yangu hii?" alisema Mary. "Nitajitahidi."

Habari zilisambaa kama zinavyosambaa Kitaji. Wazazi walianza kuja, na Boke aliwarudisha waliokuja peke yao: nenda ukamlete mtoto. Wengine hawakurudi. Wengi walirudi.

Mwezi wa nane Revocatus alifika kibandani, kapiga pasi shati, akakataa kukaa. Parokia yao ilikuwa imekubali wazazi wabaki baada ya misa, naye alitaka Boke akaseme nao. Boke alimwambia yeye ni wa bisibisi, si wa kuhutubia. Revocatus alisema ng'ombe hawajui kusoma kalenda lakini siku ya josho wanafika tu. Boke hakuelewa vizuri maana yake, ila alikwenda.

Ukumbi ulijaa. Aliongea vibaya, akiruka huku na huku, akishika simu juu kama mchuuzi. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, baba mmoja mwenye mvi aliinuka.

"Fundi, yote tumesikia. Mimi nauliza moja tu. Nifanyeje niione simu ya mwanangu bila yeye kujua?"

Watu waliguna kwa kukubali. Kabla Boke hajajibu, sauti ya besi ilitoka safu ya mbele.

"Nitamjibu mimi," alisema Revocatus. Alisimama, akaugeukia ukumbi. "Mwaka huu binti yangu alikuwa na hatari mkononi, na alijua kuwa ni hatari. Alikuwa na ushahidi kuliko polisi. Hakuniambia. Mnajua aliogopa nini? Hakuogopa yule mtu. Aliniogopa mimi. Niliinua jembe mbele yake nikijiona baba." Akamgeukia yule mwenye mvi. "Kwa hiyo, mzee mwenzangu, hata ukiiona hiyo simu yote mpaka ndani, kama mtoto hawezi kukuambia, bado hujaona kitu."

Akakaa. Mtoto mchanga mmoja alilia na watu wakapata sababu ya kujikohoza.

Baada ya hapo maneno yalikwisha na kazi ikaanza. Naomi na wasichana wengine wa kwaya walipita kwenye mabenchi, simu moja baada ya nyingine, wakionyesha wapi pa kubonyeza. Boke alizunguka nyuma yao akisaidia palipokwama. Karibu na mlango alimkuta Revocatus ameshika simu yake mpya kwa mbali, mkono umenyooka, Naomi kainama juu ya bega lake.

"Bonyeza hapo, tata. Usiachie. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Revocatus alisafisha koo, akasogeza mdomo karibu na simu. "Naomi," alisema kwa sauti ya kanisani, ingawa alikuwa hatua moja kutoka kwake, "ni baba yako. Usichelewe kurudi." Akaachia. Simu ya Naomi ikalia mfukoni mwake, naye akacheka, akaitoa, akaiweka sikioni kuisikiliza mpaka mwisho.